Wasomaji wa Dk. Murray: Jinsi Kazi ya Hiari Ilivyodumishwa katika Kutunga Kamusi Kuu ya Kiingereza, 1857–1928

Watu wengi wanaoitazama kamusi kuu ya Kiingereza iliyopigwa chapa Oxford, ambayo toleo lake la kwanza lilikamilika kwa mabuku kumi mwaka 1928, hudhani kwamba ni kazi ya wataalamu wachache waliokaa mezani na kulipwa mishahara. Dhana hiyo ina ukweli kidogo tu. Maneno 414,825 yameelezwa katika kamusi hiyo, na nukuu zilizotiwa ndani yake kuwa ushahidi wa maana ni 1,827,306. Na nukuu hizo zilichaguliwa katika lundo la vikaratasi vipatavyo milioni tano. Sehemu kubwa ya vikaratasi hivyo iliandikwa na watu ambao hawakulipwa hata senti moja, ambao wengi wao hawakupata kuonana wao kwa wao, wala kuonana na mhariri waliyekuwa wakimtumikia. Kiungo chao kilikuwa posta.

Kusudi la makala haya ni kuuliza jambo moja: jamii ya namna hiyo, iliyotawanyika katika mabara, isiyo na mshahara wala amri, ilipataje kudumu kwa miaka sabini, na kazi yake isiharibike? Swali hili si geni kwetu sisi tunaoshughulika na Kiswahili. Nasi tumewahi kutaka maneno yetu yakusanywe na walimu, wavuvi, mafundi na washairi waliotawanyika kutoka Lamu hata Kilwa, na kutoka Unguja hata Lubumbashi, na mara nyingi tumeishia njiani. Mimi mwenyewe nimeishia njiani, kama nitakavyoeleza mbele.

Habari yenyewe ilianza London mwaka 1857. Kilikuwapo chama cha wanachuoni wa lugha kilichoundwa mwaka 1842, kikiitwa Philological Society. Chama hiki kiliunda kamati ya watu watatu ili wakusanye maneno yasiyokuwamo katika kamusi za wakati ule. Watu hao walikuwa Herbert Coleridge, Frederick Furnivall na Richard Chenevix Trench, aliyekuwa padri mkuu wa Westminster. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo Trench alisoma makala mbili mbele ya wenzake, akaonyesha kasoro za kamusi zilizokuwapo. Rai yake kubwa ilikuwa kwamba mtunga kamusi ni mwandishi wa tarikh. Si kadhi wa kuhukumu lipi neno jema na lipi neno baya. Basi kila neno lipewe tarikh yake: lilizaliwa lini, likageukaje, na likafa lini ikiwa limekufa. Ili kupata tarikh hiyo lazima visomwe vitabu vyote vya lugha, na hapana mtu mmoja awezaye kuvisoma vyote. Kwa hiyo wasomaji wengi walihitajiwa. Hivyo hiari haikuwa pambo katika mpango huu. Ilitokana na kanuni yenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 1858 chama kikaamua kuacha kuongeza viraka na kutunga kamusi mpya. Coleridge akawa mhariri. Alitengenezewa kabati lenye mashubaka 54, ambayo yangeweza kuchukua vikaratasi yapata 100,000, na inaelekea aliona kuwa yatamtosha. Alifariki mwezi wa Aprili 1861, akiwa na umri wa miaka 30 tu, kwa ugonjwa wa kifua kikuu. Kazi ikamwangukia Furnivall.

Hapa nataka nikae kidogo, maana kisa cha Furnivall ndicho chenye mafunzo zaidi. Haifai kumwita mvivu. Kinyume chake, alikuwa mtu wa bidii ya ajabu. Mwaka 1864 alianzisha chama cha kupiga chapa maandiko ya kale ya Kiingereza, na mwaka 1868 chama kingine cha kuchunguza mashairi ya Chaucer. Na vyote viwili vilifanywa kwa ajili ya kamusi, ili wasomaji wapate matini safi ya kusoma. Alijua kuwasha moto katika mioyo ya watu. Aliwaingiza wasomaji wengi, akagawa herufi za alfabeti kwa wahariri wasaidizi, kila mmoja akipelekewa vikaratasi vya herufi yake nyumbani kwake. Walakini alikuwa mtu wa kurukia jambo jipya kabla la zamani halijapoa, na ulimi wake ulikuwa mkali, akawaudhi wengi. Wahariri wasaidizi wakawa wanachoka mmoja mmoja. Wengine walifariki, na vikaratasi vikabaki kwa warithi wasiojua ni vya nini. Baada ya miaka kumi na kitu hakuna aliyejua hasa nani ana herufi gani.

Matokeo yake yalionekana mwaka 1879, wakati James Murray alipokabidhiwa kazi. Vitu alivyopokea kutoka kwa Furnivall vilikuwa na uzito wa karibu tani mbili. Katika gunia moja alikuta panya mfu, na katika kifurushi kingine panya hai pamoja na watoto wake. Herufi H yote ilikuwa Florence, Italia, kwa George Perkins Marsh, balozi wa Marekani. Vikaratasi vya maneno yaanzayo na Pa vilifuatiliwa hata Ireland, vikapatikana katika zizi la farasi, na vingi vilikwisha kutumiwa kuwashia moto.

Msomaji atazame jambo hili vizuri. Wasomaji wa Furnivall walikuwa watu waleule wa tabaka ileile, na wengine wao waliendelea kuwa wasomaji wa Murray. Kanuni ya kikaratasi haikubadilika: neno pembeni juu, kisha mwaka, jina la mtunzi, jina la kitabu, ukurasa, na sentensi nzima. Mapenzi ya lugha yalikuwa yaleyale. Basi ni nini kilichogeuka?

Murray hakuwa mtu wa chuo kikuu. Alizaliwa mwaka 1837 katika kijiji cha Denholm huko Scotland, akaacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akajifunza lugha nyingi kwa juhudi yake mwenyewe, na alipoitwa kwenye kamusi alikuwa mwalimu wa shule ya Mill Hill, karibu na London. Labda ualimu ndio uliomfaa. Jambo la kwanza alilofanya ni kujenga banda la mabati katika uwanja wa nyumba yake, akaliita Scriptorium, yaani nyumba ya kuandikia, akaweka humo mashubaka 1,029. Toka siku hiyo kikaratasi hakikulala tena kwa mtu bila ya kujulikana kipo wapi. Jambo la pili, mwezi wa Aprili 1879, alitoa tangazo la kurasa nane kwa watu wote wasemao na wasomao Kiingereza, akiomba wasomaji elfu moja kwa muda wa miaka mitatu. Tangazo lile halikusema tu, "Njooni mtusaidie." Lilitaja vitabu vilivyokwisha kusomwa na visivyosomwa, karne kwa karne, na kuonyesha mahali palipo na pengo. Mtu alichagua kitabu, akaandikishwa kwa kitabu hicho, na akapewa maagizo yaliyopigwa chapa. Katika mwaka mmoja zaidi ya watu 700 walijitokeza. Kwa upande wa Marekani, Francis March, mwalimu wa Lafayette College katika Pennsylvania, alikubali kuwasimamia wasomaji wa huko.

Hata hivyo maagizo yale yalikuwa na kosa, na ni kosa la kuzingatiwa na kila mtu anayekusanya maneno. Wasomaji waliambiwa waandike kila neno linaloonekana kuwa adimu, la kale, jipya, au lililotumiwa kwa namna isiyo ya kawaida. Tena waongeze nukuu za maneno ya kawaida kwa kadiri wawezavyo. Sehemu ya kwanza ya agizo waliitii kwa furaha, na ya pili waliisahau. Binadamu hupenda kuokota kombe yenye rangi, mchanga hauokoti. Murray alipovipanga vikaratasi vya herufi A aliona kwamba neno *abusion*, lililokwisha kufa, lina nukuu zipatazo hamsini, lakini neno *abuse*, ambalo kila mtu hulisema, nukuu zake hazikufika tano. Ikawalazimu yeye na wasaidizi wake kuvitafuta upya vitabu vilivyokwisha kusomwa ili wapate ushahidi wa maneno ya kila siku.

Nisimame hapa niseme kwamba maradhi haya tunayo sisi pia. Mwambie mwanafunzi wa lugha akuletee maneno ya kwao, atakuletea majina ya samaki, ya pepo za bahari na ya vyombo vya kale, na wewe utafurahi. Lakini nani amekuletea tarikh ya kitenzi *piga*? Kitenzi hiki kina maana nyingi kuliko vidole vya mikono: kupiga hodi, kupiga pasi, kupiga mbizi, kupiga simu, kupiga chapa, kupiga kura. Maana ipi ilitangulia, na ipi ilifuata, na katika andiko gani ilionekana kwanza? Kamusi ya mwaka 1939 iliyotungwa na Frederick Johnson na wenzake wa Halmashauri ya Lugha, juu ya msingi wa kazi ya Madan, ni kazi ya kuheshimiwa na bado twaitumia. Ila mtu akitaka kujua mwaka wa matumizi ya kwanza ya neno hatapata humo jibu.

Nikirudi kwa Murray, nadhani siri yake ilikuwa katika kujibu. Aliandika kwa mkono wake barua 30 au 40 kwa siku moja: kwa wavuvi, kwa wahunzi, kwa wanasayansi, kwa washairi, akiuliza maana ya neno moja au mstari mmoja. Baada ya kuhamia Oxford mwaka 1885 barua zake zilizidi hata idara ya posta ikamwekea sanduku mbele ya nyumba yake, katika njia ya Banbury. Aliyetuma vikaratasi vibaya aliandikiwa, akaonyeshwa kosa. Aliyetuma vizuri alipewa kitabu kigumu zaidi. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo kwa mtu wa hiari. Watu wengi hudhani kwamba mtu asiyelipwa lazima apakwe mafuta kwa sifa na asikosolewe, asije akakimbia. Wasomaji wa Murray hawakuwa hivyo. Waliokimbia, walikimbia wakati wa Furnivall, kazi yao ilipokuwa ikiingia katika gunia isitoke.

Tena walikuwapo wasomaji ambao juhudi yao yapita kiasi. Katika dibaji ya buku la kwanza, mwaka 1888, hesabu zao zilipigwa chapa pamoja na majina. Thomas Austin alituma vikaratasi 165,000. William Douglas wa London alituma 136,000. Helwich wa Vienna alituma 50,000, ilhali Kiingereza hakikuwa lugha ya mama yake. Bibi Edith Thompson na dada yake walituma 15,000, na pia walisoma prufu, kazi ambayo haina hesabu. Dibaji hizo zilikuwa ndio malipo. Kila juzuu ilipotoka, kuanzia ile ya *A* hata *Ant* iliyotoka mwanzoni mwa mwaka 1884, msomaji aliweza kufungua ukurasa akaona nukuu yake mwenyewe imesimama mahali pake, kati ya karne iliyoitangulia na iliyoifuata.

Katika wasomaji hao wawili wamekuwa mashuhuri. Fitzedward Hall, Mmarekani aliyefundisha Sanskrit huko Benares na kisha London, aligombana na wanachuoni wenzake akajitenga katika kijiji cha Suffolk. Kwa miaka yapata ishirini, mpaka alipofariki mwaka 1901, alifanya kazi ya prufu za kamusi kwa saa nne kila siku, akakataa kulipwa. Hakupata kuonana na Murray hata mara moja. Wa pili ni William Chester Minor, daktari wa jeshi la Marekani, aliyemwua mtu London mwaka 1872 hali akili yake imeharibika, akafungwa katika hospitali ya wendawazimu ya Broadmoor. Kisa chake kimesimuliwa sana, na kwa bahati mbaya wasimulizi hushughulika na wazimu wake wakaacha ustadi wake, nao ndio unaotuhusu. Minor hakutuma vikaratasi ovyo kwa kufuata mpango wa kitabu. Alifanya faharasa ya kila kitabu alichosoma, kisha akawaandikia wahariri: mwezi huu mnashughulikia neno gani? Akijibiwa, alitazama faharasa zake na kutuma nukuu za neno hilo, wakati uleule zinapohitajiwa. Murray alisema kwamba karne nne za lugha zingeweza kuelezwa kwa nukuu za mtu huyu peke yake. Ubora wake ulitokana na kujua haja ya mwenye kupokea. Na asingeijua kama Oxford isingemjibu.

Jambo jingine ni namna Murray alivyowapokea wakosoaji. Juzuu ya kwanza ilipotoka, karani mmoja aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika kampuni ya visu huko Sheffield, jina lake Henry Bradley, aliandika uhakiki katika gazeti la *The Academy*. Alisifu, lakini pia alionyesha makosa ya asili za maneno, na makosa hayo yalikuwa ya kweli. Murray alimwandikia na kumpa kazi. Mwaka 1886 Bradley akaanza kusaidia, na mwaka 1888 akawa mhariri wa pili. Mlango ulikuwa wazi kwa mtu yeyote aliyeonyesha kwamba anajua, na wasomaji wengine waliona hayo.

Kwa upande wa wenye mali mambo hayakuwa mepesi. Mkataba wa mwaka 1879 ulitazamia kamusi ya kurasa 7,000 kwa miaka kumi. Miaka mitano ilipopita, kazi haikuwa imevuka *Ant*. Wakuu wa kiwanda cha chapa walihimiza haraka. Mwaka 1883 walishauri pia kwamba nukuu zichukuliwe kwa watunzi wakubwa, na magazeti yaachwe. Murray alikataa, kwa kuwa neno jipya huonekana katika gazeti miaka mingi kabla mtunzi mkubwa hajaligusa. Mimi naona alikuwa na haki, na laiti wale wanaotutaka tuchukue ushahidi wa Kiswahili katika tenzi na riwaya peke yake wangelitafakari jambo hili. Lakini ni haki kusema pia kwamba gharama ya uangalifu wake ilikuwa kubwa. Ilipokamilika kamusi ilikuwa na kurasa zaidi ya 15,000, na kati ya wale walioianza hakubaki hata mmoja.

Wala uangalifu huo haukuzuia kila kosa. Neno *bondmaid*, lenye maana ya mjakazi, halimo katika juzuu ya mwaka 1887. Vikaratasi vyake vilipotea, vikaonekana baada ya chapa kwisha. Neno lililimbikizwa mpaka nyongeza ya mwaka 1933. Nimelitaja kwa sababu lilipotea ndani ya nyumba, katika mashubaka yaliyopangwa vizuri, mikononi mwa watu wenye mshahara. Wasomaji walikuwa wamekwisha kulituma.

Murray alifariki mwezi wa Julai 1915, akiwa katika herufi T. Bradley alifariki mwaka 1923. William Craigie na Charles Onions wakaimaliza kazi, na buku la mwisho likatoka mwezi wa Aprili 1928. Kwa sadfa, huo ndio mwaka uliofanyika Mombasa mkutano ulioamua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kutokana na maamuzi hayo Halmashauri ya nchi nne, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1930. Halmashauri hiyo pia iliishi kwa posta. Ilikuwa na katibu na jarida lake, na wajumbe waliokaa mbalimbali. Na miaka katibu alipokuwa na wasaa wa kujibu barua ndiyo miaka iliyozaa matunda.

Nilisema kwamba nami niliishia njiani. Miaka michache baada ya kurudi kutoka masomoni ng'ambo, nilitoa tangazo dogo kwa walimu wa shule za mwambao, nikiomba wanitumie maneno pamoja na sentensi walizoyasikia. Niliwapa mfano wa kikaratasi uleule wa Murray. Walitikia wengi kuliko nilivyotazamia. Vikaratasi vilikuja kwa bahasha, vingine vimeandikwa nyuma ya karatasi za mitihani. Nilivifurahia, nikavifunga kwa uzi, nikaviweka katika kabati, nikasubiri nipate likizo ya kuvishughulikia. Likizo haikuja. Mwalimu mmoja wa Pemba aliniandikia mara tatu kuhusu neno *matlai*, ambalo sisi twalijua kuwa upepo utokao mashariki. Yeye alitaka kueleza wakati wa mwaka unaovuma, na jinsi wavuvi wa kwao wanavyoutofautisha na pepo nyingine. Barua ya tatu ilikuwa fupi. Iliuliza tu kama zile mbili zilifika.

Mwaka jana nilifungua kabati. Panya hawakuwamo, nashukuru, lakini mchwa walikuwa wamekula ukingo wa kifurushi kimoja, na kwa kuwa niliwaagiza waandike jina la mji na mwaka pembeni, hayo ndiyo yaliyoliwa. Nimeanza kuwajibu, mmoja mmoja, kwa kuchelewa kwa aibu. Baadhi ya anwani zimekufa. Mwalimu wa Pemba alijibu katika muda wa wiki mbili, akatuma vikaratasi vipya, na katika hivyo vinne ni vya kitenzi *tia*.